Kayaki ya kupuliza inayojitoa maji: tathmini kwa wanaotokea Dodoma

Kwa aliye Dodoma anayetaka chombo kimoja cha kupigia kafi kwenye Bwawa la Mtera na pia cha kushukia maji ya kasi, kayaki ya kupuliza yenye sakafu inayojitoa maji ndiyo ya kununua. Kayaki ya plastiki ngumu haitamfaa, wala boti kubwa la mpira la watu sita. Isiyofaa kabisa ni ile kayaki nyepesi ya kupuliza inayouzwa mtandaoni kwa picha za familia ikicheka ziwani. Nasema hivyo nikizijua kasoro zake: ni nzito, upepo unaisukuma ovyo, na anayekaa ndani yake analowa muda wote.

Inayozungumziwa hapa ni saizi ya kawaida ya watu wawili: urefu wa mita 3.5 hadi 4, upana unaokaribia mita 1, uzito wa kilo 18 hadi 23, mabomba mawili ya pembeni yenye kipenyo cha sentimita 25 hadi 30, na sakafu ya hewa iliyofungwa kwa kamba au kuunganishwa kwenye mabomba hayo. Viwanda vingi hutengeneza umbo hilihili. Wanapoachana ni kwenye kitambaa, vali na sakafu, kwa hiyo tathmini hii ni ya aina ya chombo, haijali jina lililochapwa ubavuni.

Sakafu ndiyo unayoilipia

Kayaki ya ziwani ina sakafu iliyozibwa pande zote. Ni beseni: maji yakishaingia, hayana pa kutokea. Kwenye bwawa lililotulia hilo si tatizo. Kwenye mteremko wenye mawimbi ya nusu mita, omo, yaani mbele ya chombo, linachota kila wimbi linalolipiga. Chukua nafasi ya ndani yenye urefu wa mita 2.5 na upana wa sentimita 40. Maji yakifika kina cha sentimita 20, ni lita 200, yaani kilo 200 zinazohama upande wowote utakaoinamia. Kafi haligeuzi tena chombo, na mkondo ndio unaochagua jiwe la kukubamiza. Baharini baharia hukumba ngama, yaani maji yaliyoingia chomboni, kwa upo, chombo cha kuchotea, lakini katikati ya mawe mikono yote miwili iko kwenye kafi.

Inayojitoa maji imetatua jambo hilo kwa sakafu nene yenye hewa, sentimita 10 hadi 15, ambayo uso wake hukaa juu ya usawa wa mto. Ukingoni, sakafu inapokutana na mabomba, kuna matundu. Maji yanayorukia ndani hutiririka pembeni na kutoka yenyewe kwa sekunde chache, bila pampu na bila mkono wa mtu.

Kanuni nzima imesimama kwenye jambo moja: uso wa sakafu uwe juu kuliko maji ya nje. Uzito ukizidi, sakafu inazama, na matundu yaleyale yaliyokuwa yakitoa maji yanaanza kuyaingiza. Wanunuzi wengi hulaumu kiwanda hapo bila haki. Kiasi cha uzito kilichochapwa kwenye chombo ni cha kuelea. Hakikuahidi kwamba utakaa pakavu. Kwa maji ya kasi mimi huhesabu theluthi mbili tu ya kiasi hicho. Chombo kilichoandikwa kilo 200 nakipa 130, na hapo watu wawili wazima wenye miili tayari wamekwisha kuvuka, kabla hata ya kupakia maji ya kunywa. Wawili wenye kilo 80 kila mmoja watafute kilichoandikwa 250 au zaidi.

Sakafu zenyewe ni za aina mbili. Kuna ya mirija, yaani vyumba virefu vya hewa vilivyopangwa sambamba, inayojazwa psi 2 hadi 2.5 (psi ni kipimo cha shinikizo la hewa, kilekile cha tairi). Kuna ya nyuzi, ambayo ndani ina maelfu ya nyuzi zinazoshika kitambaa cha juu na cha chini, na inavumilia psi 6 hadi 8 ikabaki bapa na ngumu. Ya nyuzi inakwenda haraka zaidi kwenye maji yaliyolala na hainesi katikati ukiwa na mwenzio. Ya mirija ina faida iliyo kubwa kuliko inavyoonekana dukani: ikipanda juu ya jiwe inakunjika kidogo na kuteleza, wakati ile ngumu hukwama na kugeuka ubavu kwenye mkondo. Atakayetumia sehemu kubwa ya muda Mtera achukue ya nyuzi. Anayelenga mto wenye mawe, hasa maji yakiwa machache, achukue ya mirija.

Kwa ya mirija, dai vali ya usalama inayoachia hewa yenyewe shinikizo likizidi. Bila hiyo, joto la mchana linaweza kupasua kuta za ndani. Ukuta wa ndani ukishaachia, sakafu inavimba katikati, na hakuna kiraka cha nje kitakachoirudisha.

Joto na mwinuko

Mji wa Dodoma uko kwenye mwinuko wa mita 1,120 hivi. Bwawa la Mtera likijaa, uso wake uko mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Tofauti hiyo ya mita 420 ina uzito wa hewa wa karibu psi 0.65. Kwa tairi la gari lenye psi 30 hutaona kitu. Kwa bomba la kayaki lenye psi 2.5 ni robo ya shinikizo lote: ukilijaza Area C, mjini Dodoma, na kulifunga juu ya gari, ukifika Mtera kipimo kitasoma kama 1.8 hata kama hakuna tundu. Wengine hurudi dukani kulalamika vali inavuja. Vali ni nzima, bwawa ndilo liko chini.

Joto linafanya kinyume. Hewa iliyofungwa kwenye nyuzi 20 za asubuhi, bomba likipata moto wa nyuzi 40, inaongeza karibu psi 1. Kitambaa cheusi kilichoachwa juani kinafika joto kubwa zaidi ya hilo, na psi 2.5 za asubuhi zinaweza kupita 4 bila mtu kugusa pampu. Mishono huachia namna hiyo, mara nyingi chombo kikiwa nchi kavu wakati wenyewe wanakula.

Kwa hiyo jaza ukingoni mwa maji, kwa hatua mbili. Kwanza jaza mabomba hadi yashike umbo, yakiwa bado yanabonyea kwa kidole gumba. Shusha chombo majini, kimwagie maji, kiache dakika kumi kipoe. Ndipo umalizie hadi psi 2.5 kwa kipimo. Mkitoka majini kupumzika juani, punguza hewa kidogo kila chumba, mkirudi, ongeza.

Pampu ya umeme ya kujazia magodoro inajaza haraka lakini inakoma kabla ya kufikisha psi 1, na kompresa ya tairi ina nguvu nyingi na hewa kidogo: itakuchosha kwa kusubiri, kisha itapitiliza ghafla ukiwa umegeuka. Nunua pampu ya mkono ya silinda, inayosukuma kwenda na kurudi, yenye kipimo. Kujaza chombo chote ni dakika 10 hadi 15 za kazi ya jasho.

Kitambaa, vali, viraka

Plastiki nene ya PVC yenye ufumo wa nyuzi ndani ndiyo inayopatikana kwa wingi. Ile ya mpira wa sintetiki inayoitwa Hypalon inavumilia jua vizuri zaidi na inakunjika ikiwa laini hata baada ya miaka mingi, lakini bei yake inaruka mbali. Kampuni ya DuPont iliacha kuitengeneza mwaka 2010, na kitambaa kinachouzwa leo kwa jina hilo hutoka kwa wengine. Kwa jua la kanda ya kati Hypalon ni bora, lakini PVC inayofunikwa na kuhifadhiwa ndani inatosha.

Adui wa kwanza wa kitambaa hicho si jiwe la mtoni, ni mwiba. Njia ya kutoka barabarani hadi majini hupita kwenye migunga, na mwiba wake mkavu unapenya PVC bila kelele. Beba chombo kikiwa kimekunjwa hadi ukingoni, tandika turubai, kagua turubai lenyewe kwa kiganja, ndipo ukunjue. Adui wa pili ni mchanga. Unaingia kati ya sakafu na bomba na kusaga pole pole kila chombo kinaponesa. Baada ya kila safari legeza sakafu, suuza kote kwa maji safi, kausha kivulini.

Kiraka cha baiskeli na sulusheni yake havishiki PVC. Gundi ya viatu inashika siku ya kwanza, kisha joto linailainisha na kiraka kinajikunja pembezoni. Inayofaa ni gundi ya poliurethani ya sehemu mbili, pamoja na kitambaa cha PVC kinachovuka tundu kwa sentimita 5 kila upande, pembe zake zikiwa zimekatwa mviringo. Kwaruza kwa msasa namba 120, futa kwa asetoni, paka gundi tabaka jembamba pande zote mbili, subiri likauke, paka la pili, subiri lianze kunata kwenye kidole bila kuhamia, kisha gandamiza kutoka katikati kwenda nje. Usijaze hewa kabla ya saa 24. Kazi hii fundi pancha makini anaiweza kabisa ukimletea gundi sahihi. Usimruhusu kuunguza kiraka kwa pasi ya tairi.

Vali nzuri ina kitufe cha chemchemi cha kufunga na kufungua, na inatoka kwa spana yake ikihitaji kusafishwa. Zile za kizibo cha kubana zimezoeleka kwenye kayaki za bei ya chini na zinafaa bwawani. Mchanga ukikaa kwenye ufito wake wa mpira zinavuja, na hakuna cha kufungua ili uusafishe. Hilo pekee linanifanya nizikatae kwa mto.

Viti havina neno. Vya kupuliza vinatosha.

Mtera na Ruaha Mkuu vinaitaka nini

Kwenye Bwawa la Mtera kasoro zake zinaonekana wazi. Chombo ni kipana, kimekaa juu ya maji, na upepo wa mchana ukianza kuvuma kinazungushwa omo hadi tezi, yaani nyuma. Pezi la chini linasaidia sana: lifunge bwawani, livue kabla ya mawe, maana litakwama na kung'oa kibanio chake. Pangeni kupiga kafi asubuhi na kumaliza kabla ya saa tano. Jueni pia kwamba uso wa maji bwawani huruhusiwa kushuka hadi mita 690 juu ya usawa wa bahari. Hizo mita 8.5 za tofauti, kwenye bwawa pana lenye kingo za mlalo, zinasogeza maji mbali sana na pale palipokuwa ukingo mwezi wa tano. Unabaki na tope la kuvuka ukiwa na mzigo wa kilo 20.

Juu ya bwawa, Ruaha Mkuu usiutegemee wakati wa kiangazi. Ndani ya Hifadhi ya Ruaha mto huo umekuwa ukikatika kutiririka misimu ya kiangazi tangu 1993, kwa sababu ya maji yanayotumika juu yake, Usangu. Na ndani ya hifadhi hushushi chombo bila ruhusa ya hifadhi yenyewe. Chini ya bwawa hali ni tofauti: maji yanayopita yanafuata uendeshaji wa bwawa na mitambo ya TANESCO, na mto unaweza kupanda bila tone la mvua kuonekana angani. Jiwe lililokuwa mnara asubuhi linakuwa wimbi jioni. Ndiyo maana daraja la ugumu wa maji ya kasi, kuanzia la 1 hadi la 6, ni la siku hiyo na maji hayo tu. Weka alama kwa jiwe ukingoni kabla ya kuingia, iangalie kila unaposimama. Ikizama, toka. Eneo la tuta, milango na mitambo ya bwawa halisogelewi kwa chombo chochote.

Makorongo ya mchanga ya Dodoma, pamoja na Kinyasungwe linaloshuka kuelekea Gulwe, hujaa ghafla kati ya Desemba na Aprili na kuvutia macho. Hapo hakuna kayaki inayofaa. Maji yanabeba magogo na miti mizima, na mti ulionasa unapitisha maji na kumzuia mtu. Huo ni mtego usio na daraja.

Viboko na mamba wapo Mtera na mtoni. Chombo chenye vyumba vya hewa vitatu hakizami chumba kimoja kikitobolewa, lakini hakikulindi dhidi ya kiboko aliye chini yako. Waulize wavuvi wa kijiji cha karibu kabla ya kushusha, kila safari, kwa sababu viboko huhama kadiri maji yanavyopanda na kushuka. Wakisema hapana, ni hapana. Epuka alfajiri na jioni, kaa mbali na matete, na usikatize kati ya kiboko na maji ya kina. Kwenye maji yaliyosimama kuna pia hatari ya kichocho. Mpeleke kila aliyelowa hospitali kupima wiki kadhaa baadaye, hata asipoumwa.

Jaketi linalokuja na kifurushi

Wauzaji wengine huongeza jaketi okozi mbili "bure". Mara nyingi ndizo sehemu mbaya kuliko zote kwenye kifurushi, na hapa ningeomba msomaji asibane matumizi. Alama ya kutafuta ndani ya jaketi ni ISO 12402-5, yaani niutoni 50 (niutoni ni kipimo cha nguvu) za kuelea kwa mtu mzima anayejua kuogelea. Mtu mzima anahitaji nguvu inayolingana na kilo 3 hadi 5 ili kichwa kikae juu. Maji meupe yamejaa mapovu na yanabeba kidogo kuliko maji yaliyotulia, kwa hiyo hizo 50 zichukuliwe kuwa kiwango cha chini. Kwa mteremko mkubwa tafuta 70 au zaidi.

Alama ya kuchapa inaghushiwa, lakini jaribio la nyumbani halidanganyi. Funga kwenye jaketi jiwe la mizani la chuma la kilo 5, tumbukiza kwenye pipa la maji. Chuma hicho kikiwa majini kinavuta kama kilo 4.3 tu, yaani niutoni 43 hivi. Jaketi halali la 50 lazima likiweke juu. Liache usiku kucha: sponji rahisi hunyonya maji na kuzama asubuhi. Kisha livae, funga mikanda yote, mwenzio alivute kwenye mabega kwenda juu. Likifika masikioni, ni kubwa mno au limekatwa vibaya. Mtoto lazima awe na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Yale ya kujijaza hewa kwa gesi ni ya melini na maboti, hayafai kwenye mawe.

Kofia ngumu iwe ya maji, yenye alama ya EN 1385. Ya pikipiki hunyonya maji na kuelemea shingo, na ya ujenzi inavuka kichwani wimbi la kwanza.

Kamba ya kurusha, ya polipropilini inayoelea, mita 15 hadi 20, ikae ndani ya mfuko wake kwa anayesimama ukingoni chini ya mteremko. Asiifunge mwilini wala mkononi. Ndani ya kayaki pasiwe na kamba inayoning'inia hata moja. Aliyeanguka alale chali, miguu mbele na juu, asijaribu kusimama maji yakiwa yamevuka magoti: kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara nne, na mguu ulionasa kati ya mawe haumwachii mtu.

Kafi la pande mbili liwe la sentimita 215 hadi 230, kwa kuwa chombo ni kipana. Fupi zaidi linagonga bomba na kukwangua vidole. Wawili wanahitaji matatu, la tatu likiwa limefungwa sakafuni.

Kwa nini si nyingine

Kayaki ya plastiki ngumu inapita mawimbi kwa ustadi ambao ya kupuliza haitaufikia. Inahitaji kujua kujirudisha juu baada ya kupinduka bila kutoka ndani, na hilo hujifunzwa na mwalimu kwenye bwawa la kuogelea kabla ya mto. Zaidi ya hapo haiingii kwenye buti la basi la Iringa. Boti kubwa la mpira ni zuri kwa kundi lenye kiongozi aliyefunzwa, na kwa kundi lisilo naye ni hatari ileile ikizidishwa kwa watu sita.

Siku ya kupokea mzigo

Usichukue kabla ya kujaza. Jaza vyumba vyote ndani ya jengo, kivulini, pima, andika saa na shinikizo kwa kila chumba, pima tena baada ya saa 24 joto likiwa lilelile. Kupungua kidogo ni kawaida. Chumba kimoja kikishuka kuliko wenzake, kinavuja. Paka maji ya sabuni kwenye mishono, kwenye maungio ya omo na tezi, na kuzunguka kila vali. Kabla ya kulaumu vali ikaze kwa spana yake, maana nyingi hulegea njiani. Ikiendelea kutoa povu baada ya kukazwa, usisaini.